Maji ya Uzazi Yakizidi, Chupa Ipasukie Hospitali

MUULIZE MKUNGA
Anayejibu ni mkunga mstaafu, Mtwara mjini

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina mimba ya wiki 31, ya tatu hii, naishi Newala. Tumbo limekuwa kubwa kuliko yale mawili ya mwanzo, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Usiku nalala nimekaa, nikijilaza pumzi inakata. Nesi alinipima tumbo kwa futi akasema limezidi umri wa mimba, akaniandikia utrasaundi. Karatasi inasema mtoto ni mmoja, maji ni mengi, AFI 27. Mama mkwe amenipiga marufuku kunywa maji, eti ninayokunywa ndiyo yanayojaa huko na mtoto atazama. Wifi yangu naye anashikilia kuwa ni mapacha, mmoja kajificha. Naogopa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua kikombe unywe maji kwanza, halafu endelea kusoma.

Mtoto hazami. Mapafu yake hayajaanza kazi ya kuvuta hewa. Anachohitaji kinamfikia kwa damu inayopita kwenye kondo la nyuma na kitovu. Maji hayo ndiyo makazi yake. Yanamkinga ukijigonga, yanampa nafasi ya kurusha mikono na miguu, yanasaidia mapafu yake yakomae. Na mimba ikishavuka nusu, anayeyatengeneza kwa sehemu kubwa ni mtoto mwenyewe. Anayameza, yanapita tumboni mwake, figo zinachuja, anakojoa, kisha anameza tena. Aliyekaribia kuzaliwa hukojoa zaidi ya nusu lita kwa siku. Kwa kawaida maji hufika kama lita moja hivi karibu na wiki ya 34, halafu hupungua taratibu. Yakizidi, ama mtoto anakojoa kuliko anavyomeza, ama kuna kitu kinamzuia kumeza.

Kujinyima maji si tiba ya hali hiyo. Utakachopata ni kizunguzungu, mkojo wa rangi ya chai na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nayo yanaweza kukuletea uchungu kabla ya wakati. Mama mkwe usimwendee kwa ukali. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji yamekuwa ya taabu tangu enzi za bibi zetu, na ushauri wa kunywa kidogo haukosi wapenzi. Nenda naye kliniki, nesi amwambie mwenyewe. Mkwe akishaambiwa na mwenye sare nyeupe hugeuka mlinzi wako.

Sasa hiyo AFI 27, yaani kipimo cha wingi wa maji ya uzazi. Mpimaji hugawa tumbo mafungu manne. Katika kila fungu anatafuta mahali maji yalipo na kina kirefu, anapima kwa sentimita, kisha anajumlisha. Kuanzia 5 mpaka 24 ni kawaida. Ikifika 25 tunasema mengi, ikifika 30 ni mengi ya kiasi cha kati, ikifika 35 ni mengi sana. Wapo wanaopima kisima kimoja tu, kile kirefu kuliko vyote, na hapo 8 na kuendelea ndiyo mengi. Kwa hiyo jirani akikuonyesha karatasi yenye 9 usidhani ana nafuu kukushinda. Huenda amepimwa kwa njia hii ya pili.

Wewe basi uko daraja la chini, na hapo ndipo barua yako iliponisimamisha. Maji ya 27 yanalemea, yanaleta kiungulia, yanavimbisha miguu, lakini si kawaida yamfanye mtu alale ameketi. Usikubali kila kitu kisingiziwe maji. Rudi kliniki wiki hii hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na ukiingia tu mlangoni sema: "Nikilala, pumzi inakata." Wakupime wingi wa damu, presha, mkojo na malaria, wasikilize moyo na mapafu. Upungufu mkubwa wa damu unaweza kufanya hivyo, na huku kwetu tunauona sana. Moyo uliolemewa na mimba unaweza kufanya hivyo. Presha ya mimba iliyopanda nayo inaweza. Hakuna hata kimoja hapo ambacho picha ya tumbo itakuonyesha. Na ikitokea pumzi inakata hata ukiwa umekaa umetulia, hiyo ni safari ya usiku huo huo.

Wifi yako mwachie heshima yake. Mapacha wanaotumia kondo moja kweli wanaweza kumletea mmoja maji tele na mwenzake akabaki mkavu. Lakini utrasaundi ya wiki 31 ikiona mtoto mmoja, basi ni mmoja.

Kinacholeta maji haya, kwa zaidi ya nusu ya wanawake, hakijulikani, hasa yakiwa yamezidi kidogo kama yako, na wengi wao huzaa watoto wazima. Ila mtu asikuambie sababu haipo kabla hajaitafuta. Uliza kama umepimwa sukari kwa kipimo cha damu, maana mkojo peke yake hautoshi. Uliza majibu ya kaswende. Yakiwa mabaya utatibiwa kwa sindano ya penisilini, na mumeo pia, msiachiane. Uliza kundi lako la damu. Ukiwa hasi na mtoto chanya, mwili wako unaweza kutengeneza askari wa kushambulia damu yake, naye akiishiwa damu, maji yanaongezeka. Halafu omba picha ya pili kwa mtu aliyezoea kumkagua mtoto kiungo kwa kiungo: fuvu, uti wa mgongo, moyo, tumbo. Mtoto ambaye koo lake la chakula halijaungana na tumbo, au utumbo wake wa mwanzo umeziba, hawezi kumeza maji yakapita, ndiyo maana yanarundikana. Kasoro hizo mbili hufanyiwa upasuaji baada ya kuzaliwa, na mtoto anayejulikana mapema ana nafuu kubwa kuliko anayegunduliwa akipaliwa na ziwa la kwanza.

Zamani kabla mashine hazijasambaa tuliyajua maji kwa mikono. Mwenzako anaweka ubavu wa kiganja katikati ya tumbo la mama, wewe unagonga ubavu mmoja kwa ncha ya kidole, na kiganja chako cha upande wa pili kinapokea wimbi. Mtoto ukimtafuta anakuponyoka chini ya vidole. Moyo wake kwenye fetoskopu unausikia kwa mbali, kana kwamba yuko chumba cha pili. Nesi wako aliyepima kwa futi akashtuka amefanya kazi yake. Wapo wanaoandika tu namba kwenye kadi na kuita "anayefuata".

Jambo la mwisho kwako ndilo kubwa kuliko hiyo 27: utazalia wapi. Safari hii si zahanati, na si nyumbani hata kama wale wawili uliwazaa kwa dakika chache. Uliza hospitali iliyo karibu nawe kama inafanya upasuaji usiku na kama ina damu. Kama jibu ni la kusitasita, wakuandikie rufaa mapema, iwe Ndanda au Ligula, na kuanzia wiki ya 36 usikae mbali na hospitali mliyoichagua. Kama kuna fedha ya korosho iliyobaki ndani, itengeni sasa kwa ajili ya gari. Tafuteni na ndugu wawili walio tayari kutoa damu.


SWALI: Mama, mimi ni mwanaume, nipo Lindi. Mke wangu ana wiki 29. Ameambiwa maji yamezidi na ana kisukari cha mimba, sababu asubuhi kabla ya kula alikutwa na sukari ya 5.6 (milimoli kwa lita). Mimi nimebishana na daktari. Jirani yangu mgonjwa wa kisukari hupata 5.6 na kusifiwa. Tena mke wangu hali vitu vya sukari, chakula chake ni ugali wa muhogo, wali na ming'oko. Kwao hakuna mwenye ugonjwa huo. Je, daktari hajakosea?

JIBU: Baba, daktari yuko sawa. Mjamzito hapimwi kwa mizani ya jirani yako. Kabla ya kula, 5.1 tu inatosha kumwita mjamzito mgonjwa wa kisukari cha mimba. Akinyweshwa ile glukosi ya gramu 75, ikifika 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, jibu ni lile lile. Mizani hii ni mikali kwa sababu sukari ya mama inavuka kondo inamfikia mtoto. Mtoto akipata sukari nyingi anakojoa sana, na ndiyo hayo maji. Ananenepa pia, hasa mabegani, siku ya kuzaliwa kichwa kinatoka mabega yanakwama.

Na hakuna aliyemshtaki mkeo kwa kula pipi. Kondo lenyewe hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama izembee, na kuanzia kama wiki ya 24 kuna wanawake ambao miili yao haiwezi kufidia. Ukoo unachangia, lakini asiye na ukoo huo naye hupata.

Tuje kwenye sahani. Ugali wa muhogo, wali na ming'oko vyote ni wanga, na wanga ndiyo sukari ukishameng'enywa. Simwambii aache, sisi watu wa Kusini tutakula nini? Apunguze tonge. Robo ya sahani iwe ugali au wali, si vyote viwili kwa mkupuo, robo iwe samaki, kunde au mbaazi, nusu iliyobaki iwe kisamvu, matembele au mchicha. Ming'oko ale kidogo na isiwe juu ya mlo mwingine. Chai bila sukari, soda hapana, na juisi ya mabibo nayo hapana, hata kama mmekamua wenyewe shambani. Korosho kiganja kimoja ni kitafunwa kizuri kuliko andazi. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na akimaliza kula atembee robo saa, wewe ukiwa pembeni yake.

Baada ya wiki moja au mbili za mlo huo, kabla ya kula isomeke chini ya 5.3, na saa mbili baada ya kula chini ya 6.7. Isiposhuka, ataanzishiwa dawa. Wakimwandikia insulini msikimbie; haivuki kwenda kwa mtoto na haimaanishi atachoma sindano maisha yake yote. Wengi huacha siku wanapojifungua. Sukari ikitulia, mara nyingi maji nayo hupungua.

Mwezi wa Ramadhani ukimkuta na hali hii asifunge kabla ya kuongea na daktari wake. Dini imempa ruhusa, aitumie.

Mtoto akizaliwa anyonye ndani ya saa ya kwanza, na apimwe sukari yake, kwa sababu huyu aliyezoea sukari nyingi huweza kushuka ghafla kitovu kikikatwa. Mama naye apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Hapo ndipo kina baba wengi mnapotupotea.


SWALI: Mimi ni bibi, nilikuwa mkunga wa jadi huku Msimbati. Nimezalisha wenye maji mengi, mkeka unalowa wote mpaka ukutani, mtoto anatoka analia. Mbona siku hizi mnawatisha watoto wetu na haya maji?

JIBU: Shikamoo bibi. Sikubishii, wengi hutoka wazima. Tunaowahofia ni wale wachache, na kabla chupa haijapasuka hatujui ni nani kati yao.

Mwenyewe umeona jinsi mtoto wa maji mengi anavyozunguka. Leo kichwa kipo chini, kesho amelala kingamo. Kichwa hakikai kikaziba njia. Chupa ikipasuka hivyo, maji yanatoka kwa kishindo na kitovu kinateremka nayo, kinatangulia mbele ya mtoto. Kichwa kikishuka kinakibana dhidi ya mfupa, damu haipiti, na hapo tunahesabu dakika. Mama huyo dawa yake ni upasuaji wa haraka, au kuzalishwa papo hapo kama njia imeshafunguka yote.

Tumbo lililokuwa kubwa likinywea ghafla, kondo nalo linaweza kubanduka kabla ya mtoto kutoka, mama akavuja damu ndani. Na baada ya uzazi lipo lile unalolijua wewe kuliko mimi: mji wa mimba uliovutwa mno ni mpira wa sketi uliolegea, haurudi kubana, damu inamwagika. Hospitali tunampa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapotoka, tunaukanda mji, tunaweka dripu, damu ipo karibu. Mkeka hauna vitu hivyo.

Naomba unisaidie kazi, bibi, maana wewe wanakusikiliza. Wafundishe hivi. Chupa ikipasukia nyumbani na mama akahisi kitu kinaning'inia ukeni, asikivute, asikirudishe, asikishikeshike. Apige magoti, kifua na mashavu viguse mkeka, makalio yabaki juu, ili mtoto arudi nyuma aache kukibana. Ndani ya gari alale ubavu wa kushoto, mito chini ya nyonga. Asipandishwe bodaboda, kwa sababu hawezi kukaa bila kukigandamiza. Wapige 115, namba ya bure ya m-mama, waeleze ni dharura ya uzazi ili watafutiwe usafiri. Hata kama hakuna kinachoning'inia, maji yakishatoka ni kwenda moja kwa moja. Hakuna kuoga kwanza wala kusubiri uchungu ukolee.


SWALI: Mwaka juzi nilizaa mtoto asiye na fuvu, maji yalikuwa mengi mno, alifariki siku ile ile. Watu wa hapa Masasi walisema nilipita mahali pabaya usiku. Sasa tunataka mtoto mwingine. Itajirudia?

JIBU: Pole sana mwanangu. Hukupita popote pabaya. Fuvu na uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutunga, wakati wengi hata hawajui kama wameshika. Lisipofunga, mtoto hamezi sawasawa, maji yanajaa. Uwezekano wa kujirudia upo, ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa mwanamke mwingine, lakini wengi mno walio kama wewe huzaa mtoto mzima mimba inayofuata.

Kinga yake ni foliki asidi, na lazima ianze kabla ya mimba. Mwanamke wa kawaida anatosheka na mikrogramu 400 kwa siku. Wewe uliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo unahitaji dozi kubwa, miligramu 4 au 5 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba mpaka wiki ya 12. Vile vidonge vyekundu vya kliniki havifiki hapo, kwa hiyo mwone daktari akuandikie, usijipimie dukani. Mweleze pia kama unatumia dawa za kifafa, maana baadhi yake huongeza hatari hiyo. Na ukishika mimba, omba utrasaundi mapema; fuvu linaonekana kwenye wiki ya 12 au 13.

Waliokwambia habari za usiku usiwajibu.


MAFUPI

Anayeuliza kama maji mengi ni dalili ya mtoto wa kike: hapana, wala wa kiume.

Wa Mtwara mjini aliyeuziwa dawa ya kukojoza ili maji yapungue: acha leo. Dawa hiyo inakausha damu yako wewe, maji ya mtoto hayaguswi. Kuna njia ya kuyapunguza kwa sindano inayopitishwa tumboni huku daktari akiangalia kwenye utrasaundi. Hufanywa hospitali kubwa, kwa mama ambaye maji ni mengi sana na anashindwa kupumua, na yanaweza kujaa tena. Wenye maji yaliyozidi kawaida kidogo tu hawahitaji hilo.

Wa Nachingwea anayeuliza kama lazima apasuliwe: si lazima. Maji peke yake si sababu ya upasuaji. Kama yamezidi kidogo tu, sababu haijaonekana na mtoto ametanguliza kichwa, unaweza kusubiri uchungu wako, na huwa hatuna haraka ya kuuanzisha kabla ya wiki ya 39. Wakati mwingine daktari huamua kutoboa chupa mwenyewe kwa uangalifu, maji yatoke polepole, mkono wa mkunga ukiwa pale pale na chumba cha upasuaji kikiwa wazi. Mtoto akiwa amelala kingamo na akagoma kugeuka, hapo kisu. Ukipangiwa tarehe ya kulazwa, mwambie mwenye bajaji siku hiyo hiyo na umlipe kianzio.